Yule sista wa zamu ya usiku, na kazi isiyoandikwa kwenye faili

Tukiongelea manesi huku mtandaoni mara nyingi tunaongelea lugha mbaya. Nesi kanijibu hovyo, nesi alikuwa bize na simu, nesi kamfokea mke wangu leba. Sikatai, mengine nimeyaona kwa macho yangu na moja nitalisema humu humu. Ila leo nataka kuandika kuhusu kile kipindi kifupi baada ya mgonjwa kukata roho, daktari ameshathibitisha na kusaini na kaitwa wodi nyingine, dripu imefungwa, dawa hazina kazi tena, na mtu pekee wa hospitali aliyebaki na nyie ni nesi. Mimi naamini anachokifanya pale ni matibabu kabisa, wagonjwa wake kwa wakati ule ni ndugu waliosimama miguuni mwa kitanda, na akikosea dozi hiyo hakuna atakayekuja kuirekebisha.

Nianze na lile baya. Bibi yangu mzaa mama alifariki kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Tulikuwa nje ya geti na hotpoti ya uji tunasubiri muda wa kuona wagonjwa, akatoka mlinzi akapaza sauti, "Ndugu wa kitanda namba saba!" Tukakimbilia, tukijua tunaitwa kununua dawa, maana kuitwa kwenyewe siku zote kulikuwa ni kwa ajili ya dawa. Akatuelekeza dirishani. Pale dirishani kulikuwa na binti anajaza daftari, hakuinua hata uso, akasema mwili umeshapelekwa mochwari, nendeni mkamalize malipo mrudi na risiti. Basi. Hakuna mtu alikuwa ametuambia bibi amefariki, sisi tumelijulia pale pale kwenye foleni, na mama yangu kashika uji mkononi.

Miaka imepita. Ukimwuliza mama kuhusu kifo cha bibi hakusimulii ugonjwa, wala mazishi ambayo yalikuwa na watu wengi mno, anasimulia dirisha. Anakumbuka mpaka rangi ya blauzi ya yule binti.

Ndio maana nilipokuja kusoma habari za Cicely Saunders nilimwelewa haraka. Huyu mama wa Kiingereza alianza kama nesi, baadaye akawa mtu wa ustawi wa jamii hospitalini, halafu akarudi shule akawa daktari, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's kule London, hospitali ya kuwatunza watu wanaoelekea kufa, ambayo ndio imekuwa mfano kwa hospisi nyingi duniani mpaka zikafika huku kwetu, Nairobi mwaka 1990 na Kampala mwaka 1993. Yeye alikuwa anasisitiza kwamba namna mtu anavyokufa inabaki kwenye kumbukumbu za wanaoendelea kuishi. Mama yangu hajawahi kumsikia huyo Saunders lakini angeweza kumwambia jambo hilo hilo kwa kutumia lile dirisha tu.

Sasa nije kwa baba.

Baba alikuwa na presha ya miaka mingi, wale wazee wa kumeza dawa wakijisikia vibaya na kuziacha wakijisikia vizuri, na tulikuwa tumesema mpaka tumechoka. Kiharusi cha kwanza kilimwacha na mkono wa kushoto uliolegea, cha pili kikamkuta asubuhi anatia udhu. Tukamkimbiza hospitali ya serikali kule kwetu Tanga, akalazwa wodi ya wanaume, oksijeni puani, mpira wa chakula, mpira wa mkojo, na hakuzungumza tena. Madaktari walitueleza vizuri kwamba damu imevuja kwenye ubongo na sehemu iliyoumia ni kubwa. Kwa hiyo siwezi kusema kifo chake kilitushtukiza, tulikuwa tunajua kinakuja, ila kujua kinakuja na kukiona kimefika ni vitu tofauti kabisa.

Usiku wake wa mwisho mimi na kaka yangu mkubwa tulikuwa tumelala kwenye mikeka kule nje kwenye banda la ndugu wa wagonjwa, mliowahi kulaza mtu hospitali za serikali mnalijua. Karibu na alfajiri nikasikia mtu anamwita kaka kwa sauti ya chini. Alikuwa ni sista mwenyewe. Hakumtuma mlinzi, kaacha wodi kwa mwenzake kaja na miguu yake, na kabla hajasema chochote akauliza, "Nyie ni wangapi hapa? Mama yupo?" Tukasema tuko wawili, mama yuko nyumbani. Akasema, "Njooni wote wawili, mje pamoja."

Hakutuambia pale bandani mbele ya watu. Alitupeleka hadi kwenye kile kiofisi chao kidogo kando ya wodi, akatoa mafaili juu ya kiti kimoja na box la glovsi juu ya kingine, akatukalisha, na yeye akavuta stuli akakaa pia. Nakumbuka sana hilo la yeye kukaa. Akauliza, "Jana daktari aliwaeleza nini kuhusu hali ya mzee?" Kaka akaeleza tulichoelewa. Akasema, "Ndivyo. Na usiku huu hali ikabadilika, upumuaji ukaanza kubadilika, tukamwita daktari akaja, tukafanya tulichoweza. Kaka zangu, poleni sana, baba amefariki." Halafu akanyamaza. Hakuanza kutupa maelekezo wala kututajia Mungu ana mipango yake, hakutazama saa. Alinyamaza mpaka kaka alipomaliza kulia na kuuliza mwenyewe, "Alikuwa peke yake?" Akajibu, "Hapana, nilikuwepo, nilimshika mkono." Sina namna ya kueleza jibu lile lilimfanyia nini kaka yangu. Mpaka leo mtu akimpa pole ya baba lazima alitaje.

Baadaye nilikuja kugundua kwamba kukaa chini, kuuliza kwanza mnajua nini, kusema kwa neno lililo wazi, halafu kuacha nafasi, ni mambo yanayofundishwa kabisa. Kuna utaratibu wa hatua 6 wa kutoa taarifa nzito ambao Walter Baile na wenzake waliuchapisha mwaka 2000 kwa ajili ya madaktari wa saratani, na hatua ya kwanza kabisa ni mazingira, yaani mahali pa faragha na watu wakae. Unaweza kusema hospitali zetu hazina nafasi, na ni kweli hazina. Ila yule dada alitengeneza faragha kwa kuhamisha mafaili na box la glovsi.

Halafu ndio ikaja sehemu ambayo nadhani itakaa na mimi maisha yangu yote. Akatuuliza kama sisi ni Waislamu, maana kwenye faili haikujazwa, tukasema ndio. Yeye mwenyewe alikuwa Mkristo, rozari ilikuwa inaonekana kidogo shingoni. Akasema, "Basi kuna vitu vinatakiwa vifanyike mapema kabla mwili haujakakamaa, na najua kwenu ni vizuri mwanaume amhudumie mwanaume. Usiku huu sina nesi wa kiume. Mnaweza kunisaidia? Nyie mtashika, mimi nitawaelekeza na nitatoa mipira." Yaani hakutusukuma nje ya wodi, na wala hakutuachia tuhangaike wenyewe.

Alikuwa ameshazungushia kitanda yale mapazia ya magurudumu. Akasogea kichwani kwa baba akasema, kwa sauti ile ile ya kuongea na mgonjwa, "Baba, nipo na vijana wako, tunakuweka vizuri." Akatoa mpira wa puani taratibu, akatoa kanula akabana pamba pale kwenye mshipa na kuweka plasta ili damu isichafue shuka, akatoa na mpira wa mkojo huku shuka limemfunika baba muda wote hivyo hatukuona kitu ambacho mtoto hatakiwi kuona. Akamwonyesha kaka namna ya kufumba macho, unagandamiza kope kwa vidole vyepesi na kuacha kwa muda. Akatupa bendeji tufunge taya kupitisha chini ya kidevu mpaka juu ya utosi. Alitueleza kwamba kukakamaa kunaanzia kwenye kope na taya ndani ya masaa machache, kwa hiyo vikichelewa hapo ndipo watu wanahangaika wakati wa kuosha. Na kabla hatujamgeuza akatuonya, "Mkimgeuza anaweza kutoa sauti kama anavuta pumzi. Ni hewa iliyobaki kwenye mapafu, msishtuke, na msidhani tumekosea." Na kweli sauti ilitoka. Kama asingetuambia nina uhakika mmoja wetu angepiga kelele kwamba baba mzima, na sijui tungeishi vipi na wazo hilo baadaye.

Akauliza kibla ni upande gani. Kwa kule Tanga ni kaskazini, Makka iko karibu sawa na sisi ukinyoosha kwenda juu ya ramani, na kitanda kilikuwa kimekaa kinyume. Nikasema hamna shida sista tutamalizia nyumbani. Akaangalia magurudumu ya kitanda, akafungua breki kwa mguu, akasema "sukuma huko." Tukakizungusha usiku ule, sisi watatu, na uso wa baba ukaelekea kibla hapo hapo wodini.

Mama alifika na bajaji kulipokucha, yuko na shangazi na baba mdogo. Sista alikuwa anakaribia kukabidhi zamu lakini alitoka kuwapokea mlangoni. Kwa mama alifanya kama kwetu, kiti kwanza. Halafu akamwuliza, "Mama, unataka kumwona?" Baba mdogo akadakia, hapana mwacheni, ana presha na yeye, atamwona nyumbani. Huwa tunafanya hivi sana kwenye misiba, wanaume tunaamua mke aone nini na asione nini. Sista hakubishana na baba mdogo, alimwitikia kwa heshima, "Nakuelewa baba," ila akageuka tena kwa mama, akasubiri jibu lake yeye mwenyewe. Mama akasema anataka. Akampeleka amemshika kiwiko, akamwekea kiti pembeni ya kitanda, akamwambia ukihisi kizunguzungu niambie mimi niko hapa nyuma ya pazia. Na akakaa kweli nyuma ya pazia. Mama alikaa na mumewe pale akamrekebisha shuka, akamnong'oneza maneno ambayo hatujui ni yapi na hatutauliza.

Shangazi yeye alipiga ukunga. Ile sauti ya msiba yenyewe, wodi nzima ikaamka. Nilijiandaa kusikia "jamani kuna wagonjwa hapa nyamazeni," na kusema ukweli angekuwa na haki. Alimkumbatia shangazi na huku anatembea naye, polepole, mpaka wakawa kwenye kile kiofisi, akafunga mlango na kumwacha alie humo mpaka basi. Halafu akafanya kitu ambacho kati yetu hakuna angekifikiria. Kitanda cha jirani kulikuwa na mzee mmoja wa mguu wa kisukari, alikuwa anamwombea baba kila siku na kumkemea nzi kwa gazeti. Yule mzee alikuwa ameona mapazia yanasogezwa na amelala macho wazi anaangalia dari. Sista akaenda akainama kwake, akamwambia jirani yako ametangulia, akamuuliza kama anataka maji. Nilimwona anamfunika miguu.

Mambo ya makaratasi nitayapitia haraka ila yasomeni kwa makini maana yanawatesa watu wengi. Alituuliza jina la baba kwenye kitambulisho cha NIDA limeandikwaje. Sisi tulikuwa tumemlaza kwa jina la mtaani, lile kila mtu anamwita. Akasema jina hilo likishaandikwa kwenye taarifa ya kifo litawafuata mpaka RITA, wale wa usajili wa vifo, kwenye cheti cha kifo, halafu benki, halafu mahakamani kwenye mirathi, na kusahihisha ni safari ndefu. Akatusubiri tukapigiwa picha ya kitambulisho kutoka nyumbani ikaja kwa wasap, akahakikisha herufi kwa herufi kabla karatasi hazijasainiwa. Akatukumbusha kwamba kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30. Na kwa kuwa bili ilikuwa haijaisha na alijua tunataka kuzika siku ile ile, akatuambia dawati la ustawi wa jamii liko wapi na linafunguliwa saa ngapi, tuandikishane namna ya kulipa, maana Wizara ya Afya imeshasema zaidi ya mara moja kwamba maiti isizuiwe kwa sababu ya deni lakini mtu asiyejua pa kwenda bado atazungushwa. Baba alizikwa baada ya swala ya alasiri.

Baada ya muda nilirudi hospitali kufuatilia karatasi, nikamkuta mchana, nikamshukuru na kumuuliza alijifunzia wapi vile. Akacheka kidogo akasema chuoni walifundishwa kumhudumia marehemu, kuosha, kufunga, kuandika lebo, hiyo ipo kwenye mtaala na ina mtihani. Ndugu wa marehemu walipewa kipindi kifupi tu cha darasani. Alichojua alikipata kwa sista mmoja mtu mzima aliyemfundisha kazi wodi yake ya kwanza, ambaye alikuwa anamwambia ukishafunga macho ya mgonjwa osha mikono uende kwa ndugu zake, usisubiri waje wao. Nikamuuliza na wewe nani anakuja kwako? Hakuelewa swali. Nikafafanua, yaani usiku ule baba alifia mikononi mwako, baada ya sisi kuondoka wewe ulifanya nini? Akasema, "Nilimalizia dawa za saa kumi na mbili, nikaandika ripoti, nikakabidhi zamu." Nikauliza kama kuna kikao, kama wanaongeleaga hayo mambo wenyewe kwa wenyewe na mkubwa wao. Akasema mkiwa marafiki mnaongea kwenye daladala.

Hili linaniumiza kuliko nilivyotegemea. Nesi na mwenzake mmoja wana wodi nzima usiku, mmoja akifa wanatakiwa wawe na muda wa marehemu, muda wa wajane, muda wa watoto, na wale wengine vitandani bado wanaita sista sista. Ile kauli ya "manesi hawana utu" nadhani mara nyingine ni mtu ambaye amefiwa na wagonjwa wengi mno bila mtu kumwuliza umeamkaje, mpaka akajifunga. Sitetei lile dirisha la bibi, ile ilikuwa ni dharau na inabaki kuwa dharau. Ninachosema ni kwamba huruma ya kiwango cha yule dada inategemea bahati, umeangukia zamu ya nani, na mimi sitaki iwe bahati. Kwenye hospitali ya mkoa kiofisi chenye viti vinne na mlango unaofungwa ni gharama gani? Kipindi cha mafunzo kazini cha namna ya kukaa na wafiwa, kikifundishwa na masista wazee kama yule aliyemfundisha huyu kabla hawajastaafu wote, kinahitaji bajeti ipi? Zamu ikipoteza mgonjwa, sista wa zamu akapumzika robo saa na kuongea na mtu kabla hajaenda kuchoma sindano nyingine, nani anaumia? Wenzetu kwenye hospisi wanafanya hivyo na ni watu wenye hali ngumu ya fedha kama sisi sisi.

Siku ile nilipomaliza na karatasi nikaenda kwa muuguzi mkuu kuuliza kama naweza kuandika barua. Alipoona nimeshika karatasi uso ukabadilika, kumbe alijua nimekuja kulalamika. Akanieleza kwamba sanduku la maoni pale ukumbini lina karibu malalamiko matupu, na kwamba pongezi iliyotaja wodi, tarehe, zamu na jina inaweza kusomwa kwenye kikao cha asubuhi na kuwekwa kwenye faili la mtumishi, ila ikiandikwa tu "tunashukuru manesi wote" haimfikii mtu. Nikaandika pale pale, wodi ya wanaume, zamu ya usiku, jina lake nikaliuliza vizuri kwa herufi zake. Nikaandika alichofanya kimoja kimoja, stuli, bendeji ya taya, kibla, mama na kiti, mzee wa kitanda cha jirani, jina la NIDA. Ikafika kurasa mbili. Muuguzi mkuu akaisoma yote nikiwa nimesimama, akagonga muhuri, akaniomba kopi nyingine ya darasa la wanafunzi wa uuguzi wanaokuja kwa mazoezi pale, nikatoka kwenda stationari ya nje ya geti kuitoa.